Pombe Iliyoiva Haingoji Muhuri

Kiangazi kikikolea Ufipa, ulezi umeshavunwa, barabara za vijijini zimekauka na hela ya mazao inazunguka. Ndio msimu wa harusi, minada, ngoma, maonyesho na matamasha ya mtaani. Sumbawanga imekaa juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai huku si ya mchezo; lakini jukwaa likishafungwa na spika zikaanza kulia, hakuna anayekumbuka koti. Nyama inachomwa, watu wanajaa, na swali linafika hata kabla ya mgeni rasmi: nani auze pombe hapa, kwa kibali cha nani, na mpaka saa ngapi?

Sheria imejibu nusu. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo inayotumika Tanzania Bara hadi leo, inatambua leseni ya muda: ruhusa ya kuuza kileo mahali fulani, kwa shughuli fulani, kwa siku zilizotajwa. Nusu iliyobaki iko mikononi mwa halmashauri, na ndiyo yenye mgogoro. Je, ruhusa hiyo ni ya mwenye baa anayehamishia kreti zake uwanjani peke yake, au ni pia ya mama anayepika pombe ya ulezi nyuma ya nyumba yake kule Chanji au Katandala?

Hoja iliyo mezani basi ni hii: wakati wa tamasha la mtaani, mpika pombe ya kienyeji apewe leseni ya muda sawasawa na muuza bia. Wanaoijadili ni watu sita niliowatunga mimi. Wanayoyasema hayahitaji kutungwa; yanasikika vilabuni, kwenye korido za ofisi na barazani.

Hasara ni ya nani?

MPIKA POMBE: Shikamooni wazee. Wengine habari zenu. Mimi sina maneno mengi, naomba niwaeleze kazi yenyewe, sheria mtaijaza ninyi. Ulezi nauloweka kwanza. Nautoa majini, nautia kwenye gunia, naufunika mpaka uote. Ukiota nauanika. Ukikauka naupeleka mashineni, hicho ndicho kimea, na hapo bado sijapika. Napika uji mzito kwenye pipa, siku hizi wengi tunapika wa mahindi maana ulezi umepanda bei. Naacha upoe, natia kimea, nasubiri uchache. Kuni ni hela, maji ni hela, mashine ni hela. Tangu kuloweka mpaka kuchuja, wiki moja hainitoshi, na ikiwa Julai naongeza siku, kwa sababu chachu nayo inasikia baridi. Ikiiva nina siku mbili za kuuza. Ya tatu imekuwa kali, ya nne hata mlevi anaisukuma pembeni. Sasa niambieni: tamasha ni Jumamosi, kibali kinatoka Ijumaa alasiri. Mimi nianze kupika saa ngapi?

MWENYE BAA: Pole, mama. Lakini kibali hicho hicho hata mimi nakisubiri.

MPIKA POMBE: Unakisubiri, mwanangu, na bia yako inasubiri pamoja na wewe. Wakikunyima, Jumatatu kreti zinarudi stoo na bia yake ndani. Wakininyima mimi, pipa zima nalipeleka wapi?

MWENYE BAA: Hapo sina jibu. Ila na mimi nisikilizwe. Leseni yangu ya vileo ni ya miezi sita: moja inakufa tarehe 31 Machi, nyingine tarehe 30 Septemba, na kila ikifa nalipia upya. Kuna leseni ya biashara, kuna kodi ya mapato, kuna zimamoto, kuna mashine ya risiti, kuna mishahara ya wahudumu hata mwezi ambao mji mzima hauna hela. Masika yote nakaa na viti vitupu. Tamasha likija ndipo nifidie. Halafu anatokea mtu na ndoo mbili na vikombe vya plastiki, anakaa hatua kumi kutoka kwangu, anauza kwa bei nisiyoiweza, na Jumatatu ukimtafuta humwoni. Anayelipa mwaka mzima na anayelipa siku moja, au asiyelipa kabisa, tunashindana vipi?

AFISA MSTAAFU: Mimi nilikaa miaka mingi upande wa ndani wa dirisha la leseni, si hapa Sumbawanga tu. Watu wanadhani afisa biashara anaamka asubuhi na muhuri mfukoni. Ombi la kileo kwa kawaida linaanzia kwa mtendaji, linapita kwa afisa afya, polisi wanatoa maoni yao, ndipo linatufikia. Mmoja akiwa safarini, karatasi inalala. Siku hizi maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa TAUSI, na ni hatua nzuri, lakini mfumo haukagui choo. Lazima mtu aende kwa miguu akaone. Na niseme wazi kwa nini tulimhofia mpika pombe kuliko muuza bia. Chupa ya bia ina jina la kiwanda. Mtu akiumwa, najua pa kuanzia. Ndoo haina jina. Bonde la Ziwa Rukwa limepigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja. Najua pombe imechemshwa, mama, lakini maji ya kusuuzia vikombe mia mbili uwanjani yanatoka wapi?

MPIKA POMBE: Yanatoka kwenye dumu nililobeba kichwani, kwa sababu uwanjani bomba halipo. Nikilipa hiyo ada, bomba litakuwepo?

MWALIMU: Samahani, naona wote mmekaa kwenye hela. Mmoja anahofia kumwaga pombe, mwingine wateja wake, mwingine lawama za ofisini. Mimi nyumba yangu iko nyuma ya uwanja, na shule ninayofundisha iko mbele yake. Kibali kikitoka Ijumaa au kikitoka mwezi kabla, mimi sikuulizwa. Sizungumzii dhambi, hilo ni la mapadri na mashehe. Nazungumzia watoto wanaocheza ngoma jukwaani saa nane mchana huku baba zao wameshalewa. Sheria inakataza kumuuzia kileo aliye chini ya miaka 18. Kwenye baa kuna mlango na mtu wa kusimama mlangoni. Uwanjani, mlango uko wapi? Jumatatu wengine mnahesabu mauzo. Mimi nahesabu watoto wanaosinzia, na wale wasio na daftari kwa sababu hela ya daftari ilinywewa. Tena mtu akishalewa anapanda bodaboda iliyo na dereva aliyelewa kama yeye.

Hiyo ndiyo picha ya mzozo kabla hata ya kufika kwenye vifungu. Kila mmoja ana hasara yake ya kweli, na hasara hizo hazifanani. Ya mwenye baa ni ya mapato yaliyopungua. Ya mwalimu ni ya usiku usiolala na darasa la Jumatatu. Ya mpika pombe ni mtaji wote, na inategemea saa ambayo karatasi imetoka. Nikamwomba mzee aingie.

Ilikuwaje pombe ikahitaji kibali?

MZEE: Mwalimu, mwanangu, nimekusikia. Lakini msiiongelee pombe kana kwamba ilikuja na spika. Huku Ufipa tulilima ntumba, matuta ya mviringo. Unafukia majani chini ya udongo, yanaoza, yanakuwa mbolea, ndipo unapanda. Hiyo ni kazi ya jembe zito, mtu mmoja na mkewe hawaiwezi. Mwenye shamba alipika pombe ya ulezi, akaita majirani, wakalima, jua likishuka wakanywa. Tena pombe ilikuwa na ratiba yake: kazi kwanza, mtungi baadaye. Na Afisa anasema ndoo haina jina. Yetu ilikuwa na jina. Ugomvi ukizuka, watu waliuliza: mlikunywa kwa nani? Akaitwa mwenye pombe, akasimama, akajibu.

WAKILI: Babu, naomba nikubishie kwa heshima. Pombe ile haikuuzwa. Ilikuwa malipo ya mkono wa jirani, na jirani alijulikana kwa baba na kwa mama. Pombe ya tamasha ina bei. Ukishaweka bei, anayekunywa hana haja ya kukujua, na wewe huna haja ya kumjua. Manispaa yetu ina watu zaidi ya 300,000 kwa sensa ya 2022. Utamuuliza nani alikunywa kwa nani?

MZEE: Basi hapo ndipo kibali kingefaa: kimpe mwenye pombe jina, kama zamani.

WAKILI: Kingefaa, kama kingekuwa kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Tazama kilikotoka. Mwingereza alimkataza Mwafrika pombe kali ya Kizungu, akamwachia pombe yake mwenyewe, nayo akaizungushia vibali. Nairobi, miaka ya 1920, manispaa iliamua kwamba pombe ya kienyeji itapikwa na kuuzwa na yenyewe tu, kule Pumwani. Wanawake waliokuwa wakiishi kwa kupika wakageuka wahalifu kwa siku moja, na faida ikaingia kwenye mfuko wa mji. Kibali cha pombe katika Afrika Mashariki kilianza kama mkono wa kukusanya hela na jicho la kuwatazama watu. Usalama wa mnywaji ulikuja nyuma sana.

AFISA MSTAAFU: Na mkono wa kukusanya bado upo, tusidanganyane. Mwaka 2003 serikali ilifuta kodi ya maendeleo, ile watu waliyoiita kodi ya kichwa, pamoja na ushuru mwingine wa kero. Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini halmashauri ziliamka siku iliyofuata zikiwa na shule zilezile na zahanati zilezile. Toka hapo kila ada ndogo ina thamani. Ada ya leseni ya muda ni ndogo, kuikagua ni kazi kubwa. Ukiwa na afisa afya mmoja na matamasha matatu, unachagua ombi lililo rahisi, na rahisi ni la mwenye kreti. Hakuna aliyekaa akapanga kumwonea huyu mama. Ni hesabu ya saa za kazi.

MPIKA POMBE: Na mimi nikikosa, unajua kinachofuata, mzee wangu? Pombe iliyochachuka haikosi mteja. Anakuja usiku, hazungumzi sana, ananunua pipa zima kwa bei ya kutupa. Anaenda kuichemsha na bomba lake, asubuhi imekuwa gongo.

Kauli hiyo ilimnyamazisha hata mwalimu, na inastahili kuongezewa neno. Gongo imekatazwa kwa sheria kwa miongo mingi, na kila mwaka tunaona mapipa yakimwagwa mbele ya kamera. Sehemu ya malighafi yake ni pombe halali iliyokosa soko kwa wakati. Mgambo wanaomwaga pipa porini na karani anayechelewesha kibali mjini wanavutana kamba ileile bila kujua.

Wenzetu wamefanyaje?

WAKILI: Nina mifano miwili, mmoja wa kutisha na mmoja wa kufikirisha. Kenya, mwaka 2010, ilifuta sheria ya 1980 iliyopiga marufuku chang'aa, gongo ya kwao. Watu wakasema sasa mpishi amekombolewa. Lakini sheria mpya ilitaka kinywaji kifikie viwango na kifungashwe kwenye chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Mpishi wa kijijini atatoa wapi chupa na mtambo? Akabaki haramu kama jana. Pombe ya sumu ikaendelea kuua. Februari 2024 walikufa watu 17 kaunti ya Kirinyaga. Ruhusa yenye masharti yasiyofikika ni marufuku iliyovaa suti.

MWENYE BAA: Na wa kufikirisha?

WAKILI: Uingereza. Chini ya sheria yao ya leseni ya mwaka 2003, mtu akitaka kuuza pombe kwenye shughuli ndogo, ya watu wasiozidi 499, haombi leseni. Anatoa taarifa kwa halmashauri siku 10 za kazi kabla, analipa pauni 21. Polisi na watu wa afya ya mazingira wana siku tatu za kazi za kupinga. Wasipopinga, shughuli inaendelea. Yaani ofisi ikilala, mwananchi haadhibiwi kwa usingizi wake.

AFISA MSTAAFU: Wakili, huko bia inatoka kiwandani na maji yanatoka ukutani. Ukinipa siku tatu za kupinga, na mimi nina pikipiki moja isiyo na mafuta, utakuwa umeruhusu kila kitu. Ukimya wa ofisi yangu haumaanishi nimekagua.

MWALIMU: Naungana na Afisa. Ukimya wa ofisi usiwe ruhusa. Sisi tunaoishi pale tutakuwa tumeuzwa na ofisi iliyolala.

WAKILI: Nimekubali. Tuache ukimya, tuchukue tarehe. Kinachonivutia kule ni kwamba kila mtu anajua siku ya mwisho ya kuambiwa hapana.

MWENYE BAA: Hilo la tarehe nalielewa kuliko mnavyodhani. Mnakumbuka viroba, zile pakiti za pombe kali? Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza, tarehe 1 Machi marufuku ikaanza. Sikuwa na hoja dhidi ya marufuku yenyewe, vijana walikuwa wanakwisha. Lakini mfanyabiashara mwenye maboksi stoo alipewa siku za kuhesabu kwa vidole. Niliyoyaona wakati ule ni haya anayoyasema mama kuhusu pipa lake. Tofauti ni kwamba kwake yanatokea kila kiangazi.

MZEE: Kumbe mnaelewana.

MWENYE BAA: Kwenye tarehe, ndiyo. Kwenye ushindani bado. Kama naye atapewa leseni ya muda, alipe ada ya banda kama mimi ninavyolipa, akae kwenye eneo lilelile, afunge saa ileile. Mimi nikifunga saa tano usiku na yeye akaendelea chini ya mwembe mpaka alfajiri, mtakuwa mmenifungia mimi tu.

AFISA MSTAAFU: Saa zinajulikana. Baa siku za kazi ni saa kumi jioni hadi saa tano usiku. Mwisho wa wiki na sikukuu, saa nane mchana hadi saa sita usiku. Lakini hizo ni saa za nyumba yenye kuta. Katikati ya makazi, ningeshauri wote wafunge mapema zaidi.

MWALIMU: Na wachelewe kufungua, mpaka watoto wamalize vipindi vyao jukwaani. Halafu kuna siku ambazo jibu ni hapana kabisa. Mahafali ya darasa la saba yakifanyika uwanjani, sitaki kuona kreti wala ndoo.

MPIKA POMBE: Mwalimu, mimi pia nina watoto. Wamesomeshwa na ndoo hiyohiyo. Siku ya mahafali mkisema hapana, sipiki. Shida yangu si hapana. Shida yangu ni hapana inayokuja wakati pipa limeshapanda povu.

MZEE: Na jina? Afisa alisema ndoo haina jina.

MPIKA POMBE: Tuko kwenye kikundi, wanawake kumi na kitu. Tunakopeshana, tunazikana. Andikeni kikundi. Mmoja wetu akiuza uchafu, tunapoteza sote, kwa hiyo tutamchunga sisi kabla ya afisa afya kufika. Aje nyumbani siku ninayopika, aone maji, aone pipa, aone choo. Uwanjani ataona nini zaidi ya ndoo yenye mfuniko?

AFISA MSTAAFU: Hilo lina maana. Kikundi kimoja, ziara moja au mbili, nyumba zilizo mtaa mmoja. Kwa saa zangu za kazi, hilo naliweza. Ila wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Msije mkapewa leseni mwaka huu, mwakani mkaona ukaguzi ni usumbufu.

MPIKA POMBE: Ndiyo maana ni ya muda, mzee wangu. Mwakani usipotaka, usinipe. Niambie tu kabla sijaloweka ulezi.

Upande ninaousimamia

Naunga mkono hoja, kwa sharti linaloibadilisha kidogo. Leseni ya muda itolewe kwa mpika pombe ya kienyeji kama kwa muuza bia, lakini haki yao isipimwe kwa fomu kufanana. Fomu moja, yenye siku moja ya kujibiwa, ikiwekwa mbele ya bidhaa mbili ambazo moja hukaa miezi na nyingine siku mbili, imeshachagua mshindi kabla haijajazwa. Ofisi inaweza kuapa kwamba haikubagua mtu, na itakuwa inasema kweli, na bado uwanja mzima utakuwa wa kreti.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuandikwa kwenye sheria ndogo ya halmashauri ni siku ya jibu. Pombe ya ulezi inahitaji zaidi ya wiki, na baridi ya uwanda wa Ufipa inaongeza. Basi uamuzi wa ndiyo au hapana uwe umetoka siku 14 kabla ya tamasha. Baada ya hapo, mabadiliko yawe kwa sababu ya dharura tu, kama mlipuko wa ugonjwa au amri ya usalama. Hili halihitaji bajeti wala ofisi mpya. Linahitaji kalenda ya matamasha ibandikwe ukutani mapema na waandaaji waizingatie.

Jambo la pili ni la mwalimu, na sioni namna ya kulikwepa. Tamasha linafanyika mtaani, na mtaa una serikali yake: mwenyekiti, wajumbe, na mkutano mkuu unaopaswa kuitishwa kila baada ya miezi miwili. Ombi lianzie hapo, kwa sauti, mbele ya watu wanaoishi nyuma ya uwanja. Wao ndio waseme saa ya kufungua na kufunga, eneo la kuuzia likae upande gani, na siku zipi pombe isiwepo. Najua mikutano ya mitaa huhudhuriwa na wachache, na mwenyekiti anaweza kuwa mteja mwaminifu wa baa. Hata hivyo mwalimu aliyeshindwa kwenye mkutano amepata jambo ambalo karatasi ya Ijumaa haimpi kamwe: anajua nani alikubali, na uchaguzi ukija ana la kumuuliza.

La tatu ni ukaguzi. Mzozo wetu wote unachukulia kwamba pombe ya kienyeji haikaguliki, wakati ukweli ni kwamba tumekuwa tukiitafutia hatari mahali pasipo pake. Bia hukaguliwa kiwandani na hakuna anayeshangaa. Kiwanda cha mpika pombe ni uani kwake, na siku ya kukikagua ni siku ya kupika. Kikundi kiandikwe kwa jina, kila ndoo iandikwe jina la aliyepika, na leseni isimame kwa jina la kikundi, ili lawama ikija iwe na mlango wa kubisha. Mzee alikuwa sahihi kuhusu jina. Wakili naye alikuwa sahihi kwamba fedha imelifuta. Leseni yenye akili inaweza kulirudisha bila kujifanya kwamba tunaishi enzi za ntumba.

Kwa mwenye baa nina jibu moja tu: malalamiko yake kuhusu saa na ada yana haki, na yakubaliwe yote. Eneo moja, saa moja ya kufunga, ada ya banda kwa kila anayeuza. Lakini malalamiko yake kuhusu bei hayana haki. Mtu anayechagua kikombe cha ulezi kuliko chupa hajamwibia mwenye baa. Amefanya uchaguzi wake. Halmashauri haina kazi ya kumlinda mfanyabiashara dhidi ya ladha ya wateja.

Na ada hizo ziende wapi? Mpika pombe aliuliza kuhusu bomba na hakujibiwa na yeyote, nami sitamkwepa. Ada ya leseni ya muda ni ndogo mno kujenga zahanati. Ikiingia kwenye kapu kuu inapotea bila kuonekana. Ibaki uwanjani siku hiyohiyo: tenki la maji, vyoo vya muda, taa za njia ya kurudi nyumbani, mgambo wa kusimama kwenye uzio na kumrudisha mtoto. Hapo muuzaji ataona anachokilipia, mwalimu ataona anacholindwa nacho, na afisa afya hatalazimika kuuliza vikombe vimesuuzwa na nini.

Wapo watakaosema hii ni kuhalalisha ulevi. Ulevi hausubiri leseni. Unywaji kwenye tamasha upo, na usipopangwa unahamia uani, gizani, bila saa ya kufunga na bila jina la aliyeuza. Anayetaka pombe ipungue mtaani ana silaha halali mkononi, na ni ileile niliyoipendekeza: asimame kwenye mkutano wa mtaa aseme hapana, na hapana hiyo itoke mapema. Hapana ya wiki mbili kabla haimgharimu mpika pombe hata punje moja ya ulezi. Hapana ya Ijumaa alasiri inamgharimu gunia, kuni na wiki nzima ya kazi, kisha inampatia muuza gongo pipa kwa bei ya kutupa. Baraza la Madiwani likiwa na nafasi ya kuandika sentensi moja tu kabla ya kiangazi kijacho, liandike hiyo tarehe.